Amri Isiyoelezwa Sababu

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Askari wa jeshi na wa polisi huijua maana ya methali hiyo tangu siku yake ya kwanza ya gwaride. Lakini je, mwenye kuamriwa ni lazima aelezwe sababu ndipo atii? Wayahudi wamelijadili swali hilo kwa karne nyingi, nasi twaona yafaa tulitazame.

Torati, kwa hesabu ya walimu wao, ina amri 613. Ziko ambazo akili yenyewe huzikubali: usiue, usiibe. Ziko pia zisizotajiwa sababu. Mathalani, Wayahudi washika dini hadi leo hawavai nguo iliyochanganywa sufu na kitani. Hapo kale, majivu ya mtamba mwekundu yaliyotiwa maji yalimtakasa aliyegusa maiti. Lakini yule aliyeyazoa majivu hayo alikuwa najisi mpaka jioni.

Yasimuliwa kuwa mgeni alimwuliza jambo hilo Yohana bin Zakai, mwalimu wa karne ya kwanza, naye akamjibu kwa mfano wa dawa. Wanafunzi wake hawakuridhika. Ndipo akawaambia kuwa nguvu haimo katika maiti wala katika maji; ni amri ya Mfalme wa mbinguni, basi.

Je, kutafuta sababu ni kosa? Hasha. Musa bin Maimun, tabibu na mwanachuoni aliyezaliwa Cordoba na kufariki Misri mwaka 1204, alishikilia kuwa kila amri ina hekima yake, ijapokuwa baadhi ya vipengele vyake havina haja ya kutafutiwa sababu. Nguo ya sufu na kitani, alieleza, ilikuwa vazi la makuhani wa masanamu.

Hata hivyo, kujua sababu kuna mtego wake. Torati ilimkataza mfalme kuoa wake wengi, na sababu ikatajwa: moyo wake usije ukapotoka. Walimu wasema kuwa Sulemani alijiamini, akadhani ataoa na asipotoke. Akaoa wake 700, na moyo ukapotoka. Kuijua sababu kulimfanya ajione hahitaji tena amri.

Lakini mkubwa yeyote asijidai kwa maneno haya. Utii usio na swali ni haki ya Mungu peke yake. Mfalme Sauli aliwaamuru askari wake wawaue makuhani wa Nobu, na sababu akaieleza: wamemsaidia Daudi. Askari wale walikataa kunyosha mikono. Doegi alitii, na makuhani 85 wakafa. Kanuni ya walimu ni kwamba neno la mwalimu likipingana na la mwanafunzi, husikilizwa la mwalimu. Na mbele ya Mungu mfalme naye ni mwanafunzi.

Basi askari akiamriwa kukesha katika lindo lililo kimya, na akeshe, hata kama hakuelezwa kwa nini. Akiamriwa kumwaga damu isiyo na hatia, sababu hata ikielezwa kwa ufasaha namna gani, haihalalishi.