Imani nne kuhusu gari zinazohatarisha afya ya watoto

Mzazi anayechemsha maji ya kunywa ya mwanawe anaweza kumpakia kwenye gari ambalo halijakaguliwa kwa miezi kadhaa. Mara nyingi si uzembe, ni maneno tuliyoyasikia gereji na barabarani hadi tukayaamini. Manne kati ya hayo yanagusa afya moja kwa moja.

“Safari ndefu, punguza upepo.” Ni kinyume chake. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi linapozunguka, hupata joto jingi na ni rahisi kupasuka. Pima upepo kabla ya kuondoka, matairi yakiwa ya baridi, kwa kufuata kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

“Tairi si kipara, bado ni zima.” Mpira huzeeka hata tairi likikaa stoo. Unaponunua la mtumba, tafuta ubavuni herufi DOT na usome tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

“Kama hakuna harufu ya moshi, hakuna hatari.” Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Bomba la moshi likitoboka, gesi hiyo inaweza kuingia ndani. Watoto wakilalamika kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu, usiseme tu ni uchovu wa safari. Simamisha gari, zima injini, watoe nje wapate hewa, kisha wapelekeni hospitali.

“Rejeta ikichemka, fungua uongeze maji.” Maji hayo yana shinikizo na huruka usoni. Subiri injini ipoe kabisa. Mtu akiungua, mwagia jeraha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Kulanti inayobaki nayo isiwekwe kwenye chupa ya soda. Aina nyingi zina ladha tamu, lakini ni sumu inayoharibu figo, na mtoto hawezi kutofautisha. Iache kwenye chombo chake, ifungiwe mahali pa juu.

Kabla ya safari ijayo, mwombe fundi akague matairi, bomba la moshi na rejeta. Nawe simama pale pale umwone akifanya hivyo.