Chambo Bandia Ndani ya Hori

Uvuvi wa kujifurahisha katika pwani ya Kenya umejengewa sifa baharini. Malindi, Watamu na Shimoni hutajwa kwa nduwaro, kwa boti ndefu zenye mashine mbili, na kwa picha za watu waliosimama kando ya samaki mrefu kuliko wao. Boti hizo zinapotoka alfajiri huwaacha nyuma samaki wengine ambao hakuna anayewapiga picha: chewa, kungu, kolekole na mzia wanaokaa ndani ya mahori, ile mikono ya bahari iliyopenya nchi kavu, chini ya mikoko, kwenye maji ambayo pengine hayafiki kiunoni. Kuwavua hao kwa chambo bandia kutoka kwenye boti ndogo ni kazi ya namna nyingine. Haitaki mafuta mengi wala misuli. Inataka mtu ajue maji yanakwenda wapi na saa ngapi, na chambo chenyewe huja baada ya hapo.

Biashara ya vifaa hufundisha kinyume, kwa sababu inayoeleweka: chambo kinauzika, maji kupwa hayauziki.

Hori la Kilifi, sawa na ya Mtwapa na Tudor, lilikuwa bonde la mto kabla ya kuwa bahari. Takriban miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imeshikilia maji mengi ya dunia, uso wa bahari ulikuwa chini kwa mita zipatazo 120 kuliko leo, na mito ya pwani ilichimba mabonde yake kuufuata huko chini. Barafu ikayeyuka, bahari ikapanda, mabonde yakamezwa. Ndiyo maana Kilifi kuna mlango mwembamba wenye kina, palipopitishwa daraja mwaka 1991, na nyuma ya mlango huo maji yanatanuka kuwa eneo pana lenye kingo za tope na mikoko, liitwalo Bahari ya Wali. Mida, jirani na Watamu, ni kisa tofauti kidogo. Haina mto unaoingia, na maji baridi huifikia kwa kupenya ardhini. Lakini nayo hujaa na kumwaga kupitia mlango mmoja.

Umbo hilo ndilo linalovua samaki. Katika pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila mzunguko ukichukua saa 12 na dakika 25 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu hupungua hadi kukaribia mita 1. Na maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni ya kukadiria: gawanya kimo chote mafungu 12, kisha saa ya kwanza lishuke fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua ya mita 3, saa ya kwanza maji hushuka sentimita 25 tu, na saa ya tatu hushuka 75. Nusu ya maji yote huondoka katika saa mbili za katikati. Asubuhi nzima ya uvuvi, kwa hiyo, ina saa mbili zenye kazi, na nyingine nne za kunywa chai ya chupa. Majedwali ya maji ya Kilindini yanayotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya husaidia kuzipata, mradi mtu akumbuke kwamba ndani kabisa ya hori maji hugeuka kwa kuchelewa, maana yana njia ya kwenda.

Uchukuliwe mfereji mmoja mdogo utokao mikokoni, upana wake hatua tatu. Maji yakiwa yamejaa hauonekani kabisa. Uduvi, kamba na mkizi wadogo wametawanyika katikati ya mizizi, ambako samaki mkubwa hapenyi. Maji yakianza kupwa, wote hao wamebakiwa na njia moja ya kutokea. Mwanzoni huonekana majani makavu yakielea nje polepole. Nusu saa baadaye majani yanakimbia, na mdomoni mwa mfereji umejichora mstari: upande huu maji ya tope, upande ule maji yenye unafuu, na katikati povu jembamba. Wadogo hung'ang'ania upande wa tope. Mkubwa hukaa kwenye unafuu, nyuma ya kisiki au tuta la mchanga, mahali ambapo mkondo unampita bila kumsukuma na chakula kinampita bila kumwona, kama askari wa trafiki aliyechagua kona yake: hafukuzi gari, hungoja lipunguze mwendo.

Ni hesabu ya nguvu. Kuogelea dhidi ya mkondo kuna gharama, na samaki anayekimbiza kila kamba anayemwona hutumia zaidi ya anachokipata. Chewa amelipeleka jambo hili mbali zaidi: hufumbua kinywa ghafla, na maji yanayoingia kwa kishindo humletea mlo. Kwa hiyo eneo ambalo chambo kinapaswa kupita ni dogo, pengine upana wa meza, na mwelekeo wake ni mmoja, kufuata mkondo kutoka mferejini kwenda nje. Chambo kinachopanda mkondo mbele ya chewa kinamwonyesha kitu ambacho hajawahi kukiona kikitokea: chakula kinachomjia kwa hiari yake.

Baada ya hayo ndipo kinapokuja chambo. Kile chenye umbo la samaki kina kiungo kimoja kinachofanya kazi kubwa, nacho ni kiulimi cha plastiki kilichopachikwa chini ya kichwa. Kikivutwa, maji hukigonga na kuachana kushoto na kulia kwa zamu, yakiacha mizunguko midogo nyuma yake, na msukumo huo usio sawa ndio unaokifanya kiyumbe. Kiulimi kirefu kilicholalia mbele hukizamisha sana. Kifupi kilichosimama hukiweka juu. Uzi mwembamba hukiruhusu kushuka zaidi kuliko mnene, kwa kuwa maji hayaushiki sana. Aina ya pili ni samaki au kamba wa plastiki laini aliyechomekwa kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi. Huyo hurukaruka chini na kutimua vumbi la tope, jambo ambalo kamba wa kweli naye hulifanya anapotoroka.

Kuyumba ndiko kulikomtajirisha Lauri Rapala wa Ufini. Alikuwa ameona ziwani kwamba samaki mlaji, akikuta kundi, humwendea yule asiyeogelea sawasawa. Mwaka 1936 akachonga chambo kwa gome jepesi litumiwalo kutengenezea vizibo vya chupa, akakifunika kwa karatasi ya fedha ya chokoleti, na kwa kukosa vanishi akakipaka filamu za picha alizoziyeyusha. Mwaka 1962 jarida la Life la Marekani liliandika habari zake katika toleo la Agosti lililobeba kifo cha Marilyn Monroe, na maagizo yakafurika. Wengi walinunua toleo lile kwa sababu isiyohusiana na samaki, lakini biashara haiulizi.

Kuyumba huko kuna mpokeaji. Ubavuni mwa samaki, kutoka kichwani hadi mkiani, upo mstari wa vihisio unaopokea misukosuko ya maji iliyo karibu. Kwa msaada wake chewa hujua kuna kitu, kiko upande gani na kinatikisika namna gani, kabla ya kukiona. Ndani ya hori, ambako baada ya mvua mtu akizamisha mkono hadi kiwikoni haoni vidole vyake, macho ni shahidi wa pili. Rangi ina maana pale maji yanapokuwa safi. Yakiwa na tope samaki huona kivuli, na chambo cheusi au cheupe hutosha. Rangi 14 za chambo kilekile zina kazi yake, ila kazi hiyo huishia dukani.

Boti nayo hupimwa kwa mambo mawili, kina chake majini na ukimya wake. Sauti husafiri majini kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na tumbo la boti ya faiba ni ngoma nzuri. Mashine huzimwa mbali, kisha pondo au kafi hushika kazi. Pondo lina faida ya pili: likichomekwa kwenye tope na kufungiwa kamba, boti imeegeshwa bila mlio wa nanga wala mnyororo. Mahali pa kuegesha ni nje ya mdomo wa mfereji na pembeni ya mkondo, ili chambo kitupwe ndani na kishuke na maji. Wengi huegesha juu ya mstari wa povu kwa kuwa ndipo wanapodhani samaki yupo. Alikuwapo.

Kuhusu kina, delta ya Rufiji ilitoa somo lililogharimu zaidi. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humo, na manowari kubwa za Waingereza zikabaki kulinda milango, kwa kuwa kina cha matumbo yao hakikuruhusu kuifuata ndani ya mikoko. Mwezi Julai 1915 zikaletwa Severn na Mersey, zilizoundwa kwa ajili ya mito, na Königsberg ikaishia hapo. Mwenye mtumbwi yeyote wa delta hiyo angewaambia bure.

Mtupo wenyewe hauna mengi ya kusimulia, isipokuwa mwisho wake. Kungu wa mikokoni, yule mwekundu mwenye meno ya mbele marefu, hukaa ndani ya mizizi yenyewe na hutoka umbali mfupi sana. Chambo kisipoanguka karibu na mzizi hakuna kitu; kikianguka juu ya mzizi, hakuna chambo. Akikikamata hukimbilia alikotoka, na mizizi ya mkoko imevaa chaza wenye makali ya kukata uzi. Sekunde mbili za mwanzo huamua kila kitu. Kwa sababu hiyo uzi wa kusuka, usionyumbuka, hufaa kuliko wa nailoni, na mbele yake hufungwa kipande cha uzi mnene unaovumilia kusuguliwa. Breki ya gurudumu la kukunjia uzi hukazwa karibu na kikomo. Kumwachia kungu akimbie kidogo ili achoke, kama wafanyavyo wavuvi wa nduwaro, ni kumrudisha nyumbani na hereni.

Majira hubadilisha ramani. Kusi inapovuma kwa nguvu, kuanzia Juni hadi Agosti, bahari ya nje hufungwa kwa boti ndogo na hori hubaki wazi, lakini maji ya masika yanakuwa bado yanashuka kutoka bara. Maji baridi, yakiwa mepesi, huelea juu. Ya chumvi, yenye uzito wa kilo 1,025 hivi kwa mita ya ujazo dhidi ya 1,000, huingia chini yake na kusonga mbele kwa umbo la kabari. Juu panaonekana chai ya maziwa, chini samaki wanaendelea na maisha yao. Chambo cha juu ya maji hapo kinafanya mazoezi tu. Chenye kichwa cha risasi hufika.

Ni haki kusema pia kwamba kamba hai kwenye ndoana ya kawaida, mikononi mwa mvuvi wa mshipi anayelijua hori lake, hukishinda chambo bandia siku nyingi. Wala wazo la kumdanganya samaki halikuja na watalii. Wavuvi wa pwani wamerambaza kwa manyoya ya kuku na nyuzi za kamba zilizochambuliwa bila kuandikiwa na jarida lolote. Faida ya chambo bandia ni mwendo. Kamba hai hungoja mahali pamoja. Chambo bandia huuliza swali mfereji mmoja, na baada ya mitupo sita au saba isiyo na jibu boti inakwenda mfereji wa pili. Katika zile saa mbili zenye kazi, midomo minane au kumi inaweza kupitiwa. Ni chombo cha kutafutia, na mwenye hekima akishapata samaki walipo hubadilisha na kutumia kamba.

Swali linalobaki ni nani anayevuliwa. Hori ni malezi. Kungu hukulia humo, kisha huhamia miamba ya nje na kuzaa huko. Kolekole wakubwa wa bahari nao hupitia utoto wao humu. Chewa wa mikokoni huanza maisha akiwa jike na wengine hugeuka madume baadaye, kwa hiyo mdogo aliye ndoanani ni jike, na mara nyingi hajazaa hata mara moja. Kumrudisha ni rahisi iwapo ndoana ya matawi matatu imebadilishwa kuwa moja na kijino chake kimekandamizwa kwa koleo: hutoka kwa msokoto mmoja samaki akiwa bado majini. Mwenye njaa hakatazwi kuchukua wa kutosha sufuria. Wavu uliotandwa mdomoni mwa mfereji maji yakipwa hauna nafasi hiyo ya kuchagua. Mwenye wavu ana elimu ileile ya mkondo, pengine kubwa zaidi, anategesha saa ileile, na huondoka na wote, wa miezi mitatu kwa wa miaka kumi.