Mgonjwa aliyefunza madaktari siri ya kusahau

Je, una mzazi au nyanya ambaye hukuuliza swali lile lile mara kumi kwa saa moja, na bado akakusimulia kinaganaga harusi yake ya miaka hamsini iliyopita? Wazee wa aina hii huletwa kwangu mara kwa mara. Watoto wao huwa wamechoka. Wengine hudhani mzee anawasumbua makusudi, na wengine hunong'ona kuwa amerogwa.

Hakuna uchawi hapa. Ukitaka kulielewa jambo hili, yafaa uijue kazi ya mtaalamu mmoja wa saikolojia, Dkt Brenda Milner. Alizaliwa Manchester, Uingereza, mwaka wa 1918, akasomea Cambridge na kuhamia Montreal, Kanada, mwaka wa 1944. Huko alifanya kazi na Dkt Wilder Penfield, bingwa wa upasuaji wa ubongo kwa wagonjwa wa kifafa. Wajibu wa Dkt Milner ulikuwa kuwapima wagonjwa hao akili na kumbukumbu.

Wagonjwa wawili waliopasuliwa upande mmoja wa ubongo walipoteza kumbukumbu ghafla. Yeye na Dkt Penfield walishuku kuwa upande wa pili ulikuwa na hitilafu tangu awali. Habari hizo zilimfikia Dkt William Scoville wa Hartford, Marekani, ambaye alikuwa na mgonjwa wa namna hiyo.

Kijana H.M.

Mgonjwa huyo, Henry Molaison, alijulikana kwa herufi H.M. pekee hadi alipofariki mwaka wa 2008 akiwa na umri wa miaka 82. Alikuwa na kifafa kikali kisichosikia dawa. Mwaka wa 1953, akiwa na miaka 27, Dkt Scoville alimpasua na kumtoa sehemu za ndani za ubongo, pande zote mbili, karibu na masikio. Humo mna kiungo kidogo kiitwacho hipokampasi.

Kifafa kilipungua sana, lakini tangu siku hiyo hakuna jambo jipya lililodumu kichwani mwake. Dkt Milner alisafiri kwa treni kutoka Montreal kwenda kumpima, na kila mara H.M. alimwona kama mgeni. Alipoambiwa aishike nambari 584, aliweza kuishika kwa muda aliokuwa akiirudia. Mawazo yake yalipogeukia jambo jingine tu, alisahau nambari hiyo na hata kwamba aliambiwa aikumbuke. Hata hivyo akili yake haikupungua, na mambo mengi ya utotoni aliyakumbuka.

Siku moja Dkt Milner alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota kwa penseli, huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Jaribu mwenyewe uone ilivyo ngumu! Kwa siku tatu H.M. alizidi kuwa hodari, ingawa kila siku aliapa hajawahi kuifanya kazi hiyo. Mkono ulijifunza, mwenyewe hakujua.

Mafunzo kwetu

Kutokana na kazi hiyo, madaktari walijua kwamba kumbukumbu si ghala moja. Kuna ya kushika jambo kwa dakika chache, kuna ya kuhifadhi matukio, na kuna ya ufundi wa mikono. Hipokampasi ndiyo husaidia kuhifadhi matukio mapya. Ugonjwa wa Alzheimer mara nyingi huanza kuharibu sehemu hiyo na jirani zake. Ndiyo sababu nyanya husahau chai aliyokunywa sasa hivi, lakini bado anaweza kusuka kiondo.

Basi, ufanyeje?

Kwanza, usibishane naye wala kumkaripia. Mjibu kwa upole, hata kama ni mara ya kumi. Mwachie kazi ambazo mikono yake bado inazijua.

Pili, mpeleke hospitali. Usiseme tu kwamba ni uzee. Upungufu wa vitamini B12, kasoro za tezi la shingoni, huzuni ya muda mrefu, ulevi na baadhi ya dawa huweza kuleta usahaulifu, na mengi ya hayo hutibika. Mzee akichanganyikiwa ghafla kwa saa au siku chache, usingoje: huenda ana malaria, maambukizi mengine au kiharusi.

Tatu, linda ubongo wako mapema. Dhibiti shinikizo la damu na kisukari, acha sigara, na uvae kofia ngumu unapopanda bodaboda.

Mwisho, ikiwa una kifafa, usiache dawa kwa kuogopa yaliyompata H.M. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa vidonge pekee. Wachache wanaohitaji upasuaji hupimwa kumbukumbu kwanza, na madaktari hawaondoi tena sehemu hiyo pande zote mbili. Tahadhari hiyo tunaidai kwa H.M., ambaye hakuwahi kukumbuka alichotufundisha.