Paka wa Nambari 10 na Panya wa Stoo

Haya wajukuu, sogeeni mkekani. Aliye na muwa atafune taratibu, nisije nikapiga kelele bure. Leo Sungura na Fisi wapumzike. Nina kisa cha paka wa kweli.

Mjini London kuna mlango mweusi wenye nambari 10, na ndani anakaa waziri mkuu wa Uingereza. Januari 2011, watangazaji wa televisheni wakiwa nje ya mlango ule wanatoa habari, panya mkubwa akakatiza nyuma yao, anatembea kama mwenye nyumba. Nchi nzima ikamwona. Tarehe 15 Februari akaletwa paka dume aitwaye Larry, wa kahawia na kifua cheupe, kutoka kituo cha Battersea kinachotunza mbwa na paka wasio na wenyewe.

Mnadhani alianza kazi usiku uleule? Thubutu! Larry alilala. Alilala vitini, alilala madirishani. Panya wake wa kwanza kutangazwa alimkamata Aprili. Novemba mwaka huohuo magazeti yakaandika kwamba waziri mkuu wa wakati ule, David Cameron, alikuwa mezani na mawaziri wenzake, panya akapita, ikabidi mheshimiwa mwenyewe amrushie uma! Paka yuko wapi? Hayupo. Wala hakufukuzwa: Keir Starmer alipoingia mwaka 2024, akawa waziri mkuu wa sita kukaa na Larry nyumba moja.

Nimeanza na Larry kwa sababu najua kilichowaleta. Mama yenu amechoka na panya wa stoo, nanyi mnataka paka. Mchukueni, mimi sina neno. Ila mjue mnachukua nini.

Kwanza mjueni panya. Yule mdogo wa ndani hupenya tundu la unene wa penseli. Meno yake ya mbele hayaachi kukua mpaka afe, kwa hiyo lazima agugune: mfuko wa unga, sabuni, hata waya wa umeme. Jike hubeba mimba wiki tatu tu, akazaa watano au sita, na hao wakifika wiki sita hivi nao wanaweza kuzaa. Pigeni hesabu wenyewe. Paka mmoja atakimbizana na wangapi?

Halafu kuna lile panya kubwa la mtaroni. Hapo ndipo watu wanapodanganyana. Kule Brooklyn, New York, watafiti walitega kamera kwenye kiwanda cha kuchakata taka kilichojaa panya wa aina hiyo, na paka wa mitaani wakawa wanaingia wapendavyo. Matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Kwa siku 79, hao paka waliua wangapi? Kisieni. Hamsini? Ishirini?

Wawili!

Panya mkubwa anauma, na paka si mjinga. Akiwa na kitoweo chepesi, ugomvi wa nini? Isipokuwa panya wale walizidi kujificha paka walipokuwapo, na binadamu asipoona panya husema wamekwisha.

Kwa panya wadogo, lakini, paka ni fundi. Panya wana milio myembamba ambayo sikio lako halishiki. La paka linashika. Mtazame usiku akiwa mbele ya tundu. Mwili umetulia tuli, sikio moja tu linageuka kufuata mchakacho nyuma ya gunia. Ananyata, tumbo karibu liguse sakafu. Makalio yanatikisika kidogo, kushoto, kulia, kisha huyo! Usimwite wakati huo. Utamharibia.

Ufundi huo anao kwa asili, lakini mama huunoa. Paka jike huwaletea wanawe panya aliyekufa, baadaye aliye nusu hai, wajifunze kummaliza. Ndiyo maana msikubali kupewa kitoto ambacho hakijatimiza wiki nane. Na mkiweza, ulizeni: mama yake anawinda? Au chukueni paka mkubwa ambaye tayari anajulikana kwa kazi hiyo, muachane na mambo ya sura.

Wapo watakaowaambia msimlishe, eti njaa itamtuma kuwinda. Uongo mtupu. Hamu ya kuwinda haitokani na njaa peke yake. Aliyeshiba ndiye mwenye subira ya kukesha kwenye tundu. Mwenye njaa ataenda kwa jirani kuiba dagaa, na ugomvi utakuja mlangoni kwenu. Mpeni chakula chake na maji safi.

Jambo moja sina utani nalo: sumu ya panya. Panya aliyeila huyumba, paka humdaka kwa urahisi, na sumu ikampata naye. Ukileta paka, sumu iondoke. Badala yake unga uingie kwenye debe lenye mfuniko, matundu yazibwe, vyombo visilale na makombo. Kazi hiyo ni yenu, Larry hawezi kuwafanyia. Pia apelekwe kwa daktari wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa, maana paka naye hukipata, na ahasiwe kabla hamjawa na paka kumi. Kinyesi chake kisizolewe na mama mjamzito, kina vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Msisahau pia kwamba paka hakuandikwa kazi na mtu. Babu wa paka wote wa majumbani ni paka mwitu wa Afrika, ambaye hata leo yuko Serengeti. Wataalamu wanaona kwamba binadamu alipoanza kuweka akiba ya nafaka, panya wakaifuata, na paka akawafuata panya. Alikuja kwa shughuli zake.

Kwa hiyo siku akikuwekea panya aliyekufa juu ya mto wako, usimrushie kandambili. Mshike panya kwa mfuko wa plastiki, mfukie nje, unawe mikono kwa sabuni. Na foronya uifue mwenyewe, usimwachie mama.