Lualaba: Makaburi ya Sanga yaonyesha shaba ilivyotumika kabla ya wazungu

Kolwezi inajulikana dunia nzima kwa shaba na kobalti. Watu wengi wanaamini kazi ya madini hapa ilianza na Wabelgiji. Lakini makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale karibu kilomita 300 kaskazini mwa mji, yanaonyesha kwamba mababu walikuwa wakivaa shaba zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Mwaka 1957 na 1958, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimbua makaburi ya Sanga. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendeleza kazi hiyo kwenye vijiji vingine vya bonde la Upemba. Walikuta wafu wamezikwa pamoja na vyungu, silaha za chuma, mikufu na bangili za shaba.

Kati ya karne ya 8 na ya 14, wakati Kilwa inakua kwenye pwani ya bahari ya Hindi, watu wa Kisale waliishi kwa kuvua samaki, kulima na kuwinda. Makaburi mengine yalikuwa na vitu vingi, mengine vichache: tayari kulikuwa na wakubwa na watu wa kawaida. Watoto nao walipewa heshima yao, kwani walizikwa na vyungu vidogo vinavyolingana na umri wao. Anayemwekea mtoto chungu kaburini anaamini safari yake haijaisha.

Katika kaburi moja la Kamilamba, marehemu alilazwa na shoka la heshima na fuawe ya chuma. Karne nyingi baadaye, shoka na fuawe vilikuwa alama za utawala kwa wafalme wa Baluba. Ndiyo maana wanahistoria wanatafuta mizizi ya ufalme huo Upemba.

Udongo wa Sanga hauna shaba. Ilitoka kusini, kwenye vilima vya ukanda wa shaba, ambako leo iko miji ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Kauri chache zilizokutwa makaburini zilitoka baharini, zaidi ya kilomita 1,300 mashariki. Bidhaa zilipita mkono hadi mkono, kijiji hadi kijiji.

Tangu karne ya 14 hivi, misalaba ya shaba inaonekana makaburini. Mwanzoni ilikuwa michache, ya ukubwa tofauti, mara nyingi ikiwekwa juu ya kifua cha marehemu. Baadaye ikawa midogo, mingi na ya kipimo kimoja. Wataalamu wanaona hapo shaba ikigeuka kutoka kitu cha heshima kuwa feza ya kununulia. Umbo hilo halikutoka kwa wamisionari: lilikuwepo kabla Wareno hawajafika kwenye mlango wa mto Kongo mwaka 1482.

Kazi yenyewe ilikuwa na masharti yake. Ilifanywa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Mawe ya kijani yalikusanywa na kuyeyushwa kwa makaa ya miti ndani ya tanuru za udongo wa kichuguu. Bwana wa tanuru alijua dawa, miiko na maneno ya kuwaomba mababu. Mwaka 1926 Monsinyori de Hemptinne aliandika juu ya mafundi hao, waliojulikana kama "wakula shaba".

Jules Cornet, mtaalamu wa miamba, alipofika Katanga mwaka 1892, alikuta mashimo ya wenyeji kwenye vilima vyenye shaba. Migodi mingi ya baadaye ilifunguliwa palepale. Hivyo mashimo na tanuru za zamani vilipotea kwanza, na kila kilima kinachofunguliwa leo kinaweza kufuta kingine.

Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa 2018, inamtaka mwenye kibali kutoa habari anapokuta mali ya urithi wa utamaduni. Lakini tingatinga halitofautishi tanuru ya mababu na kifusi. Vitu vya Upemba vinaweza kuonwa katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Kwa vilima vya Manika, dalili ni ndogo: makapi meusi ya tanuru, vipande vya udongo uliochomwa, jiwe la kupondea. Anayevitambua kabla ya mashine kupita ndiye anayeweza kuokoa ushahidi.