Kisu cha Kuchunia: Cha Zamani au Kipya?



Wiki iliyopita nilikuwa mnadani na kijana mmoja anayenenepesha ng'ombe hapa Bariadi. Alitaka kisu cha kuchunia, na mkononi alishika viwili. Kimoja kipya, kinang'aa, mpini wa plastiki. Kingine cha zamani, cheusi, kilichofuliwa na mhunzi kwa springi ya lori. Akaniuliza, "Bwana mifugo, hiki cheusi si takataka hiki?"

Nikamwonyesha kovu kwenye kiganja changu. Miaka ya nyuma nilinunua kisu kwa kuvutiwa na kung'aa tu. Siku ya tatu, nikiwa katikati ya kuchuna, bapa likachomoka kwenye mpini likanikata, na ngozi nikaitoboa. Nilipoupasua ule mpini, nikakuta msuka (ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini) ni mfupi kama kidole gumba.

Tangu hapo, kiwe kipya au mtumba, nakagua hivi:

1. Chuma. Pitisha tupa kidogo kwenye makali, karibu na mpini. Ikiteleza, chuma kimekomaa. Ikila kirahisi kama bati, utanoa kila saa.

2. Rangi. Makali yenye rangi ya bluu yaliunguzwa na mashine ya kunolea. Chuma hapo kimelegea, achana nacho.

3. Msuka. Uwe mrefu, na umefungwa kwa ribiti zisizocheza. Tikisa kwa nguvu.

4. Bapa. Kutu ya juujuu inasuguliwa ikaisha. Mashimo ya kutu kwenye makali, au ufa, hayana dawa. Kikishanolewa mpaka kimebaki chembamba, kimemaliza kazi yake.

5. Umbo. Cha kuchunia kiwe kimepinda, ncha butu. Ncha kali inatoboa ngozi, na ngozi yenye mashimo na mikato inashuka daraja. Hapo pesa imeondoka.

Tukajaribu vile viwili. Kipya tupa ilikila, cheusi iliteleza. Springi ikifuliwa na mhunzi anayejua kuzamisha chuma kwenye oili na kukipasha tena kidogo ili kisivunjike, inashika makali sana. Tatizo lake lilikuwa mpini wa mti uliopasuka. Kijana akakichukua kwa bei poa, kwa sharti la kuweka mpini mpya.

Ila msiseme bwana mifugo kapiga marufuku vipya. Kwa kukata nyama ya kuuza, kipya kisichoshika kutu, chenye mpini wa plastiki usio na nyufa, ni bora zaidi kwa sababu kinasafishika. Nyufa za mti zinaficha damu na vijidudu.

Na mtumba usioujua ulikotoka, ogopa. Usinunue kisu kilichochuna mzoga. Vijidudu vya kimeta vinaishi muda mrefu, na kuchemsha maji kidogo hakutoshi kuviua. Ng'ombe akifa ghafla, hasa akitokwa damu puani au sehemu nyingine za wazi, usimpasue kwa kisu chochote. Mwite afisa mifugo kwanza.

Ukishakipata kizuri, noa kwa jiwe, taratibu, na kabla ya kuanza kazi.

Kazi njema!