Rubavu: Kwa nini misonobari ipaliliwe bila kuuacha mlima wazi

Nyasi na vichaka vinavyochipua upya huunyang'anya msonobari mchanga mwanga, maji na rutuba. Ndiyo maana miche huhitaji kupaliliwa mara kwa mara katika miaka yake ya mwanzo.

Hata hivyo, kwenye miteremko ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, kufyeka kila kitu ni hatari. Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 130 nchini humo, na Mto Sebeya ulifurika wilayani Rubavu.

Njia salama zaidi ni kupalilia duara la takriban mita moja kuuzunguka kila mche. Vichaka vilivyo kati ya mistari hukatwa juu tu, ili mizizi iendelee kuushika udongo. Matawi ya misonobari yakishakutana, kivuli chake huvidhoofisha vichaka hivyo.